Kisima, sheria na kamera viingie darasa moja

Kwako Mhariri,

Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016 iliagiza somo hili liingizwe katika mitaala ya elimu ya ngazi zote, hadi vyuo vikuu. Vyuo vingi vimetii kwa kuligawa vipande. Mwalimu wa sayansi anafundisha gesijoto, wa utawala anafundisha Mkataba wa Paris, na wa filamu anawatuma wanafunzi wakatafute ardhi iliyopasuka kwa ukame. Watatu hao hawakutani mpaka mitihani inaisha. Kinachotoka hapo ni filamu inayopendeza macho lakini ina takwimu zisizo na mwenyewe, ripoti ya maabara ambayo hakuna diwani atakayeifungua, na insha ya sera isiyotaja hata kisima kimoja.

Sisi tunaofundisha mambo haya tunaomba vyuo vilivyo Lamu na Malindi vibadili mpango huo. Liwepo somo moja la muhula mmoja, wiki 13 au 14, lenye swali moja la mahali petu, walimu watatu darasani kwa wakati mmoja, na kazi mbili za mwisho: filamu ya dakika nane, na waraka wa maoni wa kurasa nne unaopelekwa kaunti. Anayepima bila kujua nani ataamua hajui apime nini, na anayepiga picha bila kipimo hupiga picha ya kile alichokuja nacho kichwani.

Kosa la kwanza hufanyika siku ya kwanza, pale swali linapochaguliwa. "Athari za mabadiliko ya tabianchi Lamu" si swali, ni kichwa cha hotuba. Swali linalofundishika lina mahali, lina kipimo, na lina mtu mwenye uamuzi mkononi. Kwa Lamu tunapendekeza hili: je, maji ya visima vya Shela, kijiji kilicho kando ya mji wa Lamu, yanazidi chumvi, na kama ndivyo, sababu ni bahari, mvua au uchotaji? Hapo kuna kisima cha kupimwa, kuna wanaoamua kiasi cha kuchota na nani ajenge wapi, na kuna watumiaji wa kuhojiwa kuanzia Shela yenyewe hadi mitaa ya mjini ya Langoni na Mkomani.

Sayansi yake inaingia akilini upesi ikifundishwa kwa utaratibu. Vilima vya mchanga vya Shela hunyonya mvua, na maji hayo matamu hukaa juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi zaidi. Lita moja ya maji matamu ina uzito wa kilo 1, ya maji ya bahari kama kilo 1.025. Kwa tofauti hiyo ndogo, kila sentimita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina kama sentimita 40 nyingine chini ya usawa huo. Basi uchotaji ukishusha uso wa maji kwa sentimita 10, mpaka wa chumvi huko chini huanza kupanda polepole kuelekea mita 4. Hesabu hiyohiyo inafichua jambo ambalo filamu nyingi hulikosea. Bahari ikipanda, uso wa maji matamu nao huinuka pamoja nayo maadamu ardhi ni ya juu, na vilima vya Shela ni virefu. Kinachoharibu kisima haraka ni kuchota kupita kiasi na kujenga juu ya vilima, kisha mvua ikipungua au joto likiongeza uvukizi. Bahari huleta madhara yake pale inapomega ufuo na kupunguza upana wa ardhi inayohifadhi maji. Mwanafunzi asiyejua mpangilio huu wa sababu ataweka bahari mbele kila mara, kwa kuwa ndiyo inayopigika picha vizuri.

Kabla ya kwenda kisimani, jambo hili lionekane darasani. Tafuteni tangi la kioo la samaki lenye urefu wa sentimita 60 hivi. Rundikeni katikati mchanga wa ujenzi uliooshwa mpaka maji yatoke meupe. Msichote mchanga wa vilima, kwani ndio tunaoutetea. Changanyeni maji ya chumvi kwa gramu 35 za chumvi kwa kila lita, yatieni rangi nyekundu ya chakula, kisha yamimineni pande zote mbili mpaka yapenye chini ya rundo. Halafu nyunyizeni maji matamu yenye rangi ya buluu juu ya rundo kutoka kwenye chupa iliyotobolewa matundu madogo, taratibu, kwa muda wa saa nzima, huku mkipunguza maji ya pembeni yasipande. Ubuluu utajikusanya juu ya wekundu. Sasa zamisheni mrija mwembamba katikati na mvute maji kwa bomba la sindano: wekundu utapanda chini ya mrija kama koni. Wekeni simu kwenye tripodi ipige picha moja kila sekunde 5; saa moja itatoa picha 720, ambazo kwa picha 24 kwa sekunde ni video ya sekunde 30. Hiyo tayari ni sehemu ya filamu, na ina thamani kuliko picha ya kununua.

Jaribio hili huharibika kwa njia tatu. Mchanga usiooshwa hutia tope na rangi zisionekane. Maji yakimiminwa kwa kasi huchanganyika badala ya kuelea. Na taa ikiwekwa mbele ya kioo hurudisha mng'ao kwenye kamera. Iwekwe ubavuni, na nyuma ya tangi pawe na karatasi nyeupe.

Kisimani, kifaa ni kipima-chumvi cha mkononi kinachosoma upitishaji umeme wa maji. Kila asubuhi kirekebishwe kwa maji maalumu ya kipimo cha maikrosimensi 1,413 kwa sentimita. Maji ya bahari husoma zaidi ya 50,000, ndiyo maana lita 2 tu za bahari ndani ya lita 100 za maji matamu hupandisha kipimo kwa 1,000 hivi, na ulimi wa mnywaji unagundua. Ukitaka chumvi zote zilizoyeyuka kwa miligramu kwa lita, zidisha kipimo kwa 0.65, ni makadirio, na yaandikwe kuwa ni makadirio. Ndoo isuuzwe mara tatu kwa maji ya kisima hichohicho. Joto la maji liandikwe kila mara, kwani kipimo hupanda kama asilimia 2 kwa kila nyuzi moja ya joto. Kifaa kisichojirekebisha kitaonyesha kwamba maji ya mchana yana chumvi kuliko ya asubuhi, na kumbe ni jua. Kisima kilichotoka kuchotwa sasa hivi hakitoi kipimo sawa na kilichotulia usiku. Na vipimo vichukuliwe siku ya bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, na siku ya maji mafu, inapobadilika kidogo, maji yakijaa na yakitoka. Anayepima Jumatatu ya bamvua na kurudi Jumatatu ya maji mafu, kisha akatangaza kuwa chumvi imepungua, amepima mwezi wa angani.

Hapa lazima mwalimu wa sayansi aseme wazi kwamba muhula mmoja hauonyeshi mabadiliko ya tabianchi. Kati ya 2006 na 2018 bahari za dunia zilipanda kwa wastani wa milimita 3.7 kwa mwaka. Kwa wiki 14 hiyo ni kama milimita 1, huku maji ya Lamu ya bamvua yakipanda na kushuka kwa mita kadhaa ndani ya saa sita. Kamera haiwezi kuona milimita hiyo. Mabadiliko husomwa kwenye kumbukumbu ndefu: kipimo cha usawa wa bahari kilichopo Lamu na kile cha Mombasa kilichoanza 1986, ambazo takwimu zake ziko wazi mtandaoni, pamoja na rekodi za mvua na joto za vituo vya Idara ya Hali ya Hewa vya Lamu na Malindi. Kumbukumbu za bahari zina mapengo, na miaka ya El Niño huinua maji kwa muda kisha yakarudi. Mwanafunzi achore mstari wake kwanza kwa miaka yote, halafu aufute mwaka mmoja mmoja aone kama mstari unabadilika sana. Ukibadilika, asiuweke kwenye filamu.

Malindi ina somo zuri zaidi la sababu na matokeo, nalo ni Mto Sabaki. Kila msimu wa mvua maji ya ghuba hugeuka rangi ya udongo, na wanafunzi huyapiga picha wakisema tazameni mabadiliko ya tabianchi. Udongo ule unatoka mbali, kwenye mashamba na malisho yaliyo juu ya mto, ambao huko bara unaitwa Athi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulipima madini ya bariamu, yanayoletwa na udongo wa mto, ndani ya tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka kama 300, na ukaonyesha mmomonyoko ukiongezeka tangu mwanzoni mwa karne ya 20, kilimo cha kikoloni kilipoingia bara. Ufuo wa mjini Malindi nao, badala ya kuliwa na bahari, umepanuka kwa mchanga wa mto huohuo. Mvua kali zaidi huongeza udongo, kweli, lakini haikuanzisha jambo. Filamu inayosema hivyo ina nguvu zaidi, kwa sababu inaelekeza kidole kwenye kitu kinachoweza kurekebishwa: matuta, miti ya kingo za mto, uchimbaji wa mchanga.

Kwa upande wa pili, yapo mambo ambayo sayansi imeyafunga na tabianchi bila kigugumizi, na hapo mwanafunzi asionee haya kusema. Ukame wa misimu mitano mfululizo kati ya 2020 na mwanzoni mwa 2023 ulichunguzwa na kundi la wanasayansi la World Weather Attribution, ambalo mwezi Aprili 2023 lilisema ongezeko la joto duniani lilifanya ukame wa kiwango kile uwezekane angalau mara 100 zaidi, hasa kwa kuwa joto lilinyonya unyevu wa udongo. Mafuriko yaliyofuata mwishoni mwa 2023, yale yaliyoikata barabara ya Garsen kuja Lamu, yalitokana na El Niño pamoja na joto la Bahari Hindi ya magharibi, na kundi hilohilo lilikadiria kuwa mabadiliko ya tabianchi yaliongeza ukali wa mvua mpaka karibu mara mbili. Na matumbawe ya Malindi na Watamu, ndani ya hifadhi zilizotengwa tangu 1968, yalikufa kwa wingi mwaka 1998 bahari ilipochemka. Darasa la Malindi linaweza kulichukua hilo kama swali lake. Kanuni ni rahisi: chukua wastani wa mwezi wenye joto kuliko yote, kila wiki ambayo bahari imezidi wastani huo kwa nyuzi 1 au zaidi, jumlisha ziada hiyo, kwa wiki 12 mfululizo. Jumla ikifika 4, tumbawe huanza kupauka. Ikifika 8, hutarajiwa vifo. Takwimu za setilaiti kwa kazi hii hutolewa bure.

Mikoko nayo, ambayo zaidi ya nusu ya ile yote ya Kenya iko Lamu, ifundishwe kwa kamba ya kupimia na kikokotoo. Mkoko wenye mizizi ya magongo hupimwa kipenyo sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Ukipima usawa wa kifua kama mti wa bara, mara nyingi umepima mizizi. Kanuni inayotumika sana ni 0.251, mara uzito wa ujazo wa mbao, mara kipenyo kikiwa kimepandishwa kipeo cha 2.46. Mti wa sentimita 10, ambao mkata miti wa Lamu ataita mazio, wenye mbao ya gramu 0.8 kwa kila sentimita ya ujazo, unatoa kilo 58 za mti mkavu ulio juu ya udongo. Kaboni ni kama asilimia 47 yake, kilo 27. Zidisha kwa 3.67 upate kilo 100 hivi za hewa ya ukaa. Mwanafunzi akiona kwamba mazio moja ni kilo 100, ataelewa kwa nini watu wa mbali wanataka kununua msitu uliosimama. Aelewe pia kwamba kaboni nyingi zaidi iko chini kwenye tope, na mwenye kamba peke yake hajaipima.

Kutoka hapo mlango wa sera unafunguka wenyewe. Gazi, huko Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hati za kaboni inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko tangu 2013, kama tani 3,000 kwa mwaka, na fedha zimeingia kwenye maji na shule za vijiji. Mwaka 2023 sheria yetu ya tabianchi ilirekebishwa kwa ajili ya biashara hii: mradi wa ardhi lazima utoe kwa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia baada ya kuondoa gharama za biashara. Wanafunzi wasikariri asilimia hiyo. Wapewe mizania ya kubuni, wabadilishe mstari wa gharama, waone asilimia 40 ya kitu kidogo inavyokuwa. Halafu waandike ni gharama zipi ambazo mkataba wa kijiji unapaswa kuzitaja kwa jina na kuziwekea kikomo. Zoezi hili la saa mbili linafundisha sera kuliko mwezi mzima wa historia ya makongamano.

Hati ya pili ya lazima ni uamuzi wa tarehe 26 Juni 2019 wa jopo la kitaifa la mazingira (NET), lililofuta leseni ya mazingira ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, hapa Lamu. Usomwe wenyewe, si muhtasari wa magazeti. Wanafunzi hudhani mtambo ulizuiwa kwa sababu makaa ni machafu. Sababu kubwa ilikuwa umma haukushirikishwa ipasavyo baada ya ripoti ya tathmini ya athari za mazingira kukamilika, na jopo likaona kasoro pia kwamba ripoti haikuizingatia Sheria ya Tabianchi ya 2016. Yaani kilichoamua ni utaratibu: tangazo, nakala, muda wa kusoma, lugha. Baada ya kusoma, wafanye hesabu: mtambo ukifanya kazi asilimia 80 ya mwaka, na kila megawati-saa itoe tani 0.9 za hewa ya ukaa, mwaka mmoja ni kama tani milioni 6.6. Ni sawa na mauzo ya mwaka ya miradi 2,200 yenye ukubwa wa ule wa Gazi, na Kenya nzima haina mikoko ya kutosha hata robo yake. Nusu ya darasa itetee mtambo kwa hoja za umeme na ajira, nusu ipinge, na wiki inayofuata wabadilishane nafasi.

Sheria nyingine mbili ni vitendea kazi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi, na inaweza kuongeza siku 14 mara moja. Barua ya kuomba takwimu za uchotaji ikiandikwa wiki ya sita, jibu linaweza kuja wiki ya 11, muda wa kulitumia ukiwa umebaki mdogo. Iandikwe wiki ya kwanza, iwe na tarehe, itaje hati inayotakiwa kwa jina, na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Ya pili ni kalenda ya fedha za umma. Karatasi ya mkakati wa fedha ya kaunti hufika bunge la kaunti kabla ya 28 Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili. Ndiyo maana tunasisitiza muhula wa Januari hadi Aprili: waraka wa wanafunzi ukiwa tayari wiki ya mwisho ya Aprili, unaikuta kamati ya bajeti ikikaribia kusikiliza wananchi. Waraka huo useme ombi lake kwenye aya ya kwanza, na utaje ni fungu gani la bajeti linahusika. Kurasa nne zinatosha, na ya tano haisomwi.

Sasa filamu. Hatusemi ije mwisho kama pambo. Simu iwe mkononi tangu wiki ya kwanza, ila kuhariri kusianze kabla ya takwimu kukaguliwa. Kundi la wanafunzi watano linahitaji simu moja yenye kamera nzuri, tripodi, maikrofoni ya kubana kwenye kola yenye kifuniko cha manyoya, na diski mbili. Kama fedha ni za kitu kimoja tu, nunueni maikrofoni. Mtazamaji huvumilia picha yenye chenga, lakini upepo wa kaskazi ukivuma ndani ya sauti ya mzee anayeongea, anazima. Video ya kawaida ya 1080 hula kama megabaiti 130 kwa dakika, hivyo saa kumi ni karibu gigabaiti 80. Kila jioni zinakiliwe kwenye diski zote mbili, na diski hizo zisilale nyumba moja. Mwanga wa saa sita mchana huku kwetu hutia macho ya watu kizani. Pigeni kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi. Ratiba ya mahojiano ipishe nyakati za adhana. Fungeni kipimo cha mwanga cha kamera kisijibadilishe kabla ya kuanza, la sivyo wingu likipita picha itapanda na kushuka yenyewe.

Ukitaka kuonyesha maji yanavyopanda ukingo wa bandarini, chagua nguzo moja, weka alama ya rangi kwa ruhusa ya mwenyewe, na upige kutoka hatua ileile, urefu uleule, kila bamvua. Pwani yetu maji ya bamvua hujaa mnamo saa kumi au saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na bamvua za Machi ni kubwa kuliko za miezi mingi. Chini ya kila picha andika tarehe, saa na kimo cha maji kutoka jedwali la kujaa na kupwa. Picha mbili zisizo na kimo zinaweza kuthibitisha chochote anachotaka mhariri.

Mahojiano yanahitaji malezi ya pekee. Swali la "je, mabadiliko ya tabianchi yamekuathiri vipi?" limeshajijibu lenyewe. Muulize nahodha kaskazi ilianza lini mwaka ule wa mafuriko ya El Niño, 1997, na mwaka jana. Samaki gani alikuwa akimpata kwenye mwamba gani kabla ya gati la kwanza la bandari mpya kufunguliwa 2021. Kumbukumbu iliyofungwa kwenye tukio lenye tarehe inaweza kulinganishwa na rekodi za hali ya hewa. Isiyofungwa ni simulizi, yenye thamani yake, lakini si ushahidi wa mwelekeo. Wavuvi wengi watataja bandari, uchimbaji wa kina na nyavu haramu kabla ya joto, na wasikatwe. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliagiza wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya bandari, kwa hiyo wanajua wanachokisema. Mtu aachwe aseme Kiamu au Kibajuni chake, na maandishi ya Kiswahili sanifu yapite chini. Mama asiyetaka uso wake uonekane, pigeni mikono yake na chombo anachotekea maji, na aliyeshika kamera awe mwanamke. Idhini iandikwe, na ya mtoto itiwe saini na mzazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai idhini ya mhusika, na ya mzazi kwa mtoto, na adabu ilidai kabla yake. Droni isirushwe bila kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na kwa Lamu bila kuvitaarifu vyombo vya usalama.

Kanuni moja ya uhariri tunaishikilia kuliko zote. Mswada uandikwe kwa safu tatu: picha, maneno, na chanzo. Kila namba na kila neno la kusababisha, kama "imeletwa na" au "kwa sababu ya", liwe na chanzo kwenye safu ya tatu, na mwalimu wa sayansi na wa sera watie saini kabla ya sauti ya msimulizi kurekodiwa. Mstari usio na chanzo ukatwe hata kama picha yake ni nzuri. Kwa kanuni hiyohiyo, lile jaribio la chupa mbili lenye siki na magadi, linalodai kuonyesha hewa ya ukaa ikipasha joto, liondolewe. Tofauti ya joto inayoonekana humo hutokana zaidi na hewa hiyo kuwa nzito na kutochanganyika, wala si ushahidi wa jinsi anga linavyoshika joto.

Alama zigawanywe sawa kati ya walimu watatu, na anayefeli sehemu ya mwalimu mmoja asiokolewe na nyingine mbili. Tunajua wakuu wa vyuo watasema ratiba haina nafasi. Somo hili linachukua mahali pa mada tatu ambazo tayari zinafundishwa, na saa zake ni zilezile. Chuo kisicho na mwalimu wa filamu kimtafute mpiga picha za harusi wa mjini. Wengi wao wanajua sauti na mwanga kuliko vitabu vingi.

Kwa chuo kinachotaka kuanza Januari, kazi ni ya Novemba. Barua ya kwanza iende Idara ya Hali ya Hewa kuomba mvua ya kila siku ya kituo cha karibu, na fungu la ada litengwe kwani takwimu hizo hulipiwa. Ya pili iende kwa wasimamizi wa maji kuomba ruhusa ya kupima visima, ikitaja tarehe za bamvua. Ya tatu iende kwa karani wa bunge la kaunti kuuliza kamati ya bajeti itakaa lini na ingependa kuonyeshwa filamu wapi.

Walimu wa sayansi, sera na filamu,
Lamu